Kupisha na Kupishwa

Katika Pembrokeshire, pembe ya kusini-magharibi ya Wales, ipo njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari kwa kilomita 299. Sehemu kubwa ya njia hiyo haiwatoshi watu wawili kwenda ubavu kwa ubavu. Mkono mmoja una seng'enge ya shamba la viazi au la ng'ombe, mkono wa pili una genge, na chini ya genge mawimbi yanapiga mwamba. Ukikutana na mtu anayetokea mbele, mmoja wenu hujibanza kwenye seng'enge amwachie mwenzake apite. Aliyepishwa hushukuru, aliyepisha hutaja habari za upepo au mvua, kisha kila mmoja akashika lake. Nimeitembea takriban nusu ya njia hiyo, na tangu nirudi nimekuwa nawatazama kwa heshima mpya watu wanaojua kupisha.

Njia yenyewe imetokana na kupisha. Hifadhi ya Taifa ya Pwani ya Pembrokeshire ilianzishwa mwaka 1952. Mtaalamu wa viumbe Ronald Lockley, aliyekuwa ameishi miaka mingi kwenye kisiwa kidogo cha Skokholm akichunguza ndege wa baharini, akapewa kazi ya kuipita pwani ile na kuandika njia ipite wapi. Ripoti ikapatikana mapema katika miaka ya 1950, lakini njia haikufunguliwa rasmi hadi mwaka 1970. Muda wote huo ulitumika kuzungumza na wenye mashamba. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na ingali na wenyewe hadi leo. Kilichotafutwa ni ruhusa: ukanda mwembamba kando ya genge ambao umma ungekuwa na haki ya kuupita, nje ya hapo shamba ni la mkulima. Nafikiria vikao vile, shamba kwa shamba, mwaka baada ya mwaka, chai ikipoa mezani huku mtu akieleza kwamba ng'ombe wake watashtuka, au kwamba babu yake hakuwahi kumruhusu mtu kupita pale. Kisha yakajengwa madaraja madogo zaidi ya 100 na mamia ya vipandio vya kuvukia nyua. Leo kibao chenye alama ya tunda la mwaloni kinakuonyesha pa kwenda, nawe unapita bila kubisha hodi.

Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu. Sote tumezaliwa upande wa Pangani na tunaishi Leicester, mji ambao hauko karibu na bahari yoyote. Kaka alifariki katika baridi kali, na wifi akakaa eda yake, miezi 4 na siku 10, katika nyumba ambayo dirisha la sebule linatazamana na ukuta wa jirani. Watu walikuja kwa wingi, Mungu awalipe. Eda ilipokwisha nilimuuliza angependa nimpeleke wapi. Nilitarajia aseme kwa dada yake, au nyumbani Tanga. Akasema, "Wifi, nipeleke mahali pasipo na dari."

Basi mwezi Juni tukashuka treni Fishguard, tukaanza kutembea kuelekea kusini. Begi kubwa lilitangulizwa kwa gari kila asubuhi kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, huduma ya kawaida huko, nasi tukabeba maji, mikate, koti la mvua na mkeka mdogo wa kusalia. Juni kule jua linazama baada ya saa tatu na nusu usiku. Isha inachelewa mno na mchana ni mrefu kiasi kwamba hakuna sababu ya kuharakisha chochote. Magenge yalikuwa na maua mengi kupita nilivyowahi kuona ukingoni mwa bahari, ya waridi yaliyofunikia miamba na ya njano kwenye vichaka vya miiba.

Mgeni wa njia ile hudanganywa na ramani. Ramani inaonyesha kilomita 15, naye anahesabu saa tatu au nne. Lakini pwani ya Pembrokeshire imekatwakatwa na hori na vijibonde, na kila kijibonde kinakushusha hadi kwenye kokoto za ufukweni, ukavuka kijito, kisha kinakupandisha tena hadi ulipokuwa. Mahali pa juu kabisa katika njia nzima, karibu na Cemaes Head, hapazidi mita 175. Hata hivyo kupanda na kushuka kote, kuanzia St Dogmaels hadi Amroth, kunajumlishwa kuwa zaidi ya mita 10,000. Ni kazi ya mlima mkubwa iliyogawanywa vipande vidogo vidogo, na hakuna kimoja ambacho ukikimaliza utapiga picha na kusema umefika.

Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye nyasi baada ya mpando mmojawapo, wifi aliniuliza, "Hivi hii njia ina kilele?"

Nikamwambia haina.

"Basi vizuri," akasema, akafungua chupa ya chai.

Nilielewa baadaye kwa nini jibu lile lilimtosha. Miezi ile yote alikuwa amezungukwa na watu waliompangia vilele. Ukimaliza arobaini utapata nafuu. Eda ikiisha utajisikia mwepesi. Yeye alikuwa anafika kwenye kila kituo walichomwekea, anakuta hakuna kilichobadilika, na juu ya huzuni yake analazimika kubeba aibu ya kutopona kwa wakati. Kule hakuna aliyemwahidi kitu. Ulikuwepo mpando huu, baada yake mteremko, baada yake mpando mwingine, na katikati chai.

Kuna vijiji na historia nyingi katika kipande kile ambazo mtu angeweza kuziandikia kitabu, nami nitazipita haraka. Porthgain ina bandari ndogo yenye kuta kubwa za matofali zilizokuwa maghala ya mawe yaliyopondwa, yakisafirishwa kwa meli hadi mwaka 1931. Abereiddi ina machimbo ya zamani yaliyoingiliwa na bahari yakawa bwawa la rangi ya buluu iliyokolea, na siku tuliyopita vijana walikuwa wanajirusha humo kutoka juu ya kuta zilizobaki. St Davids ina wakazi wasiofika 2,000 lakini ina hadhi ya jiji, kwa ajili ya kanisa kuu lake lililoanza kujengwa mwaka 1181 ndani ya bonde, limejificha kiasi kwamba unauona mnara wake kabla ya kuliona lenyewe. Papa Callixtus wa Pili, katika karne ya 12, aliwaambia waumini kwamba safari mbili za hija kwenda St Davids ni sawa na moja ya Roma. Kwa hiyo watu wamekuwa wakiijia pembe hii kwa miguu, na mambo yao moyoni, kwa miaka mia tisa. Karibu na hapo, kwenye kisima cha Mtakatifu Non, wifi alinawa uso, akakaa kidogo, tukaendelea.

Jambo ninalotaka kukaa nalo ni lile tuliloliona kusini ya St Davids. Njia ilikuwa inakwenda sawa kando ya genge, ghafla ikapinda kuingia shambani, ikazunguka hatua kama arobaini, ikarudi ukingoni. Mzunguko ulikuwa mpya: nguzo za seng'enge zilikuwa bado na rangi ya mbao mbichi, na nyasi hazijakanyagika kuwa udongo. Tuliposimama pale pa kupinda tukaona sababu. Njia ya zamani ilikuwa bado ipo mbele yetu, imekanyagika vizuri kabisa kwa miaka mingi, inakwenda mbele na kuishia hewani. Kipande cha genge kilikuwa kimeanguka baharini, kimeondoka na njia.

Pwani nzima iko hivyo. Bahari inakula, mvua inalainisha, dhoruba ya majira ya baridi inamalizia. Newgale mawimbi yakikasirika hurusha kokoto hadi barabara kuu. Wanaoitunza njia hawajengi ukuta wa zege kila mahali ili kuishikilia pale ilipokuwa mwaka 1970. Hakuna fedha ya kutosha duniani, na ukuta wenyewe ungeharibu kile ambacho watu wanakuja kukiona. Wanachofanya ni kurudi kwa mwenye shamba na kumwomba tena. Genge limesogea, naomba nasi tusogee. Naye anang'oa nguzo zake, anazirudisha ndani hatua kadhaa, anapoteza mistari michache ya viazi, na watu wanaendelea kupita kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye ramani njia inaonekana mstari mmoja uliotulia. Kwa kweli ni makubaliano yanayofanywa upya kila genge linapoanguka.

Nilikaa na picha ile ya njia inayoishia hewani, kwa sababu mimi ni mtu wa kushikilia. Ndivyo nilivyolelewa: jambo likikubaliwa limekubaliwa, kikao cha familia ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Idi ni nyumbani kwa kaka, na kila mtu ana kiti chake. Kaka alipofariki nilitaka vyote vibaki vilivyo, kwa kumheshimu. Wifi ndiye aliyekuwa anakaa katika nyumba ile, ambako kila kitu kilikuwa bado kipo isipokuwa mwenyewe. Pale shambani nikamwambia, "Idi ijayo, wifi, ikikuelemea tutaifanya kwangu." Hakujibu mara moja. Tulipofika kwenye lango la mbele akasema, "Ya mwaka huu ifanyike kwako. Baada ya hapo tutaona." Hatukulizungumza tena, wala halikuhitaji kuzungumzwa.

Kutoka Marloes tulikiona kisiwa cha Skomer. Visiwa vya kona hiyo vina kundi kubwa kuliko yote duniani la ndege fulani weusi kwa weupe wa bahari kuu, wanaozaliana ndani ya mashimo ardhini. Ndege huyo huvuka bahari hadi pwani ya Amerika Kusini na kurudi, na mmoja aliyechukuliwa Skokholm mwaka 1952 akaachiwa Boston, Marekani, alirejea shimoni kwake baada ya siku 12 na nusu. Lakini fundi huyo wa bahari ni mzito nchi kavu, anajikokota, na shakwe humuua kwa urahisi. Kwa hiyo jioni hukusanyika na wenzake juu ya maji, mbele ya kisiwa chao, wakingoja giza. Nyumba anaiona. Ametoka mbali kuifuata. Anangoja.

Kesho yake ikawa zamu yetu ya kungoja. Kati ya Dale na Milford Haven njia inavuka hori mbili, Gann na Sandy Haven, na hazivukiki ila maji yakipwa. Zote mbili zina kivuko cha chini ambacho maji yakijaa humezwa chote. Gann inavukika kuanzia saa tatu na nusu hivi kabla ya maji kupwa kabisa hadi muda kama huo baada yake. Sandy Haven dirisha lake ni jembamba zaidi, kama saa mbili na nusu kila upande. Kati ya hori hizo kuna kilomita sita au saba. Asiyetaka kungoja anaweza kuzunguka kwa barabara, kilomita kadhaa katikati ya magari.

Nilikuwa na jedwali la maji mfukoni, lakini wifi alikuwa ameshalisoma mbinguni. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa umejaa. "Kesho bamvua," alisema dirishani, "yatapwa sana na yatajaa sana." Kwetu bamvua hupandisha maji mita tatu au nne. Kule, mdomoni mwa Milford Haven, ni zaidi ya mita sita, na mtu wa pwani akiona maji mengi kiasi hicho yakiondoka na kurudi mara mbili kwa siku hunyamaza kwanza. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa saba mchana. Tulifika Gann saa mbili asubuhi na kuikuta hori imejaa hadi kwenye nyasi, imetulia, na bata wakielea palipotakiwa kuwa njia.

Walikuwapo watembeaji wengine, mke na mume watu wazima. Walitazama saa, wakatazama maji, wakaamua kuzunguka. Sisi tukatandika mkeka. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze hatukuwa na pa kwenda, na hapo ndipo wifi alipozungumza juu ya kaka: siku zake za mwisho hospitali, na hasira aliyokuwa nayo kwa ajili ya jambo dogo waliloteta wiki moja kabla, ambalo hawakuwahi kulimaliza. Sitayaandika yote, ni yake. Nilichojitahidi kufanya ni kutotia neno. Kisha akanyamaza, akaangalia maji ambayo sasa yalikuwa yameacha mstari wa tope lenye mwani chini ya nyasi.

"Kila aliyekuja alinambia nijikaze," akasema. "Haya maji mbona hakuna anayeyaambia yajikaze?"

Kivuko kikaanza kuonekana, kwanza kingo zake, baadaye chote, kinatiririka. Tulivua viatu kwa tahadhari tu. Upande wa pili hatukukimbia, na tulifika Sandy Haven maji yakiwa chini kabisa, hori nzima imegeuka mchanga na mtu mmoja anachimbua chambo kwa uma. Wale mke na mume hatukuwaona tena, natumaini walifika salama.

Nimewahi kuwa miongoni mwa waliosema "jikaze", na nilisema kwa mapenzi. Lakini nimekuja kuamini kwamba kumwambia mfiwa ajikaze ni kukataa kuipisha huzuni yake. Ni kusimama katikati ya njia nyembamba na kutaka yeye ndiye ajibanze. Waliomfaa zaidi wifi, kwa maneno yake mwenyewe, ni wawili: jirani Mwingereza aliyekuwa akimwachia mkate mlangoni na kuondoka, na shangazi yetu mzee aliyekuwa akija, akakaa naye saa nzima akishona, na kuaga.

Baada ya Sandy Haven mandhari hubadilika. Unazunguka rasi na mbele yako zinatokea gati ndefu na matangi makubwa ya South Hook, ambako meli huleta gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kutoka Qatar. Mwezi Februari 1996, katika mlango huu, meli ya Sea Empress iligonga mwamba na kumwaga zaidi ya tani 70,000 za mafuta ghafi, na ndege wa baharini wakafa kwa maelfu. Wapo wanaokiona kipande hiki kuwa kibaya na kukiruka kwa basi. Mimi nilikipenda kwa sababu moja. Njia haikatiki. Inapita kando ya uzio wa mitambo, na kibao kile kile chenye tunda la mwaloni kimepigiliwa pale. Kama mkulima wa viazi alivyopisha, tajiri wa gesi naye amepisha. Mwaka 2012 Wales ilikwenda mbali zaidi ikafungua njia ya pwani yake yote, kilomita 1,400, na ya Pembrokeshire ikawa kipande ndani yake.

Hapo ndipo nilipoumia, na nitasema wazi. Katika kijiji tulichokulia kulikuwa na vichochoro vilivyotoka kati ya nyumba na minazi kwenda pwani, na hakuna aliyejua vilianza lini. Wanawake walivipita na vitambaa vyao kwenda kutanda uduvi maji yakipwa, wavuvi walivipita alfajiri, watoto tulivipita wakati wote. Baadhi ya vichochoro hivyo leo vinaishia kwenye ukuta. Aliyejenga ana hati, na simlaumu kwa kutaka kuiona bahari asubuhi. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ni sheria nzuri. Lakini mita 60 za ufukwe mtupu hazimsaidii mama mwenye kitambaa cha kutandia iwapo hana pa kupita kuufikia. Analazimika kuzunguka, na maji hayamngojei. Akifika yameshaanza kujaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote mwenye nafasi katika halmashauri za pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kwa wenzetu wa Kenya vilevile. Asianze na bajeti wala mradi wa watalii. Aanze kama alivyoanza Lockley: avae viatu, aipite pwani kijiji kwa kijiji akiwa na daftari, aandike kila kichochoro kinachokwenda baharini, nani hukitumia, kwa kazi gani, na kwa maji yapi. Baadaye aende kuketi na wenye viwanja, mmoja mmoja, hata ikichukua miaka kumi na mitano. Wifi, aliyenisomea maandishi haya akisahihisha, anasema yeye yuko tayari kuwa na daftari hilo kwa kipande cha kaskazini ya Pangani tukienda Desemba. Ameshanitajia vichochoro saba, pamoja na majina ya akina mama wa kuulizwa.